Daftari Linalojijaza Lenyewe

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za kazi yangu, ili iwe somo kwa wale wanaojifunza hesabu na kompyuta. Nimekubali kwa furaha, lakini nawaambia mapema kwamba siandiki ili nijisifu. Katika kazi hii nilifanya kosa, na kosa lile lilimwumiza mzee mmoja asiye na hatia. Nitaeleza kwanza jinsi kazi inavyofanyika, kisha kosa lenyewe, kisha kanuni nilizojifunza, ili ninyi msilirudie.

Mwalimu wetu wa hesabu alipenda kuandika ubaoni methali hii: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wakati ule nilidhani ni maneno ya wenye maduka tu. Leo najua kwamba mali yaweza kupotea bila habari hata pale ambapo daftari lipo, tena daftari zuri linalojiandika lenyewe.

KAZI ILIVYOKUWA ZAMANI

Mimi ni karani wa hesabu katika ofisi moja inayonunua kahawa huko Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Tuna vituo vinne vya kununulia. Mkulima huleta kahawa yake, hupimwa kwenye mizani, na karani wa kituo humwandikia risiti yenye jina, namba ya simu, kilo na tarehe. Fedha hazilipwi pale pale. Hutumwa baadaye kwa simu ya mkulima, kutoka ofisini kwetu.

Zamani kila jioni makarani wa vituo walipiga picha kurasa za vitabu vyao na kunitumia. Mimi nilikaa ofisini mpaka saa nne za usiku nikinakili risiti moja moja katika kompyuta. Siku za mavuno zilifika risiti 180, hata 200. Ninyi nyote mwajua kwamba mtu anayenakili namba 200 huku macho yamejaa usingizi hawezi kukosa kukosea. Mara 68 ikawa 86, mara mstari mmoja ukarukwa, mara jina la baba likaandikwa mahali pa jina la mwana. Basi nikaanza kutafuta njia ya kuiachia mashine kazi hii.

LAHAJEDWALI NI KITU GANI

Daftari la hesabu ndani ya kompyuta huitwa lahajedwali. Ni ukurasa uliogawanywa kwa mistari inayolala na safu zinazosimama, na kila kijumba kinachopatikana pale mstari na safu zinapokutana huitwa seli. Katika seli waweza kuandika neno, au namba, au amri ya hesabu. Ukibadili namba moja, hesabu zote zinazoitegemea hubadilika zenyewe papo hapo.

Lahajedwali ya kwanza kupata sifa kubwa ni VisiCalc, iliyotoka Marekani mwaka 1979, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston. Ilikuwa na mistari 254 na safu 63. Excel ya siku hizi ina mistari 1,048,576. Wengi siku hizi hutumia pia Google Sheets, ambayo hukaa katika intaneti, na watu kadhaa waweza kuifungua pamoja, kila mmoja mahali pake.

Lakini ukubwa wa daftari haupunguzi kazi ya kuliandika. Swali ni lile lile: habari zitoke kituoni namna gani, zifike katika seli bila mkono wangu kuzinakili?

NJIA MBILI ZA KUPATA HABARI

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kwenda kuuliza. Fikiri una sanduku la barua katika posta. Kila saa unakwenda mjini, unafungua sanduku, unatazama kama barua imekuja. Mara nyingi hukuti kitu, nawe umechoka bure. Kompyuta nazo zaweza kufanya hivyo: kila baada ya dakika kadhaa moja humwuliza mwenzake, "Kuna jipya?"

Ya pili ni kuletewa. Unampa mwenzako anwani ya nyumba yako na kumwambia, "Likitokea jambo, mtume tarishi abishe hodi kwangu mara moja." Hapo huna haja ya kwenda posta. Njia hii huitwa webuhuku. Jina hilo alilitoa Mmarekani Jeff Lindsay mwaka 2007, na tangu hapo limeenea duniani kote. Wale wenye maduka Kenya wanaopokea malipo ya M-Pesa kwa kompyuta wanaitumia, hata kama hawaijui kwa jina: mteja akilipa, M-Pesa huipelekea kompyuta ya duka ujumbe katika anwani iliyoandikishwa.

Webuhuku ina sehemu nne, nazo yafaa mzishike vizuri.

Kwanza ni TUKIO: jambo linaloanzisha safari, kwa mfano karani amemaliza kujaza fomu. Pili ni ANWANI: mahali katika intaneti ambapo ujumbe utapelekwa. Tatu ni UJUMBE wenyewe. Nne ni JIBU: anayepokea hurudisha namba. Akirudisha 200, maana yake "Nimepokea, ahsante." Asiporudisha jibu, au akirudisha namba ya kosa, mtumaji hufikiri kwamba ujumbe haukufika. Shikeni sana sehemu hii ya nne, kwani tutairudia.

Ujumbe mara nyingi huandikwa kwa mtindo uitwao JSON. Wetu hufanana na huu:

{"risiti": "K3-0418", "mkulima": "M-073", "kilo": 62.5, "tarehe": "2024-11-05"}

Tazameni alama za kunukuu. Kilichofungwa ndani ya alama hizo ni neno. Kisichofungwa ni namba. Kilo 62.5 haikufungwa kwa sababu tutaijumlisha. Tofauti hiyo ni ndogo kama punje ya mchele, lakini ndiyo iliyoniangusha.

PROGRAMU ZA KATIKATI

Kati ya fomu na lahajedwali panahitajika mtu wa kupokea na kupanga. Kazi hiyo hufanywa na programu za mtiririko wa kazi. Zapier ilianzishwa Marekani mwaka 2011. Make ilizaliwa Prague, zamani ikiitwa Integromat. n8n ilitolewa mwaka 2019 na Jan Oberhauser wa Berlin, nayo mtu aweza kuiweka katika kompyuta yake mwenyewe. Google Sheets nayo ina lugha yake ya amri iitwayo Apps Script, yenye kuweza kupokea ujumbe bila programu nyingine katikati. Zote zafanana kwa jambo moja: unapanga hatua, moja baada ya nyingine, kama mafundi walioketi mstari mmoja, kila mmoja akifanya kazi yake na kumpa mwenzake.

Kwa upande wa fomu ziko programu kama KoboToolbox, ambazo humruhusu karani kujaza fomu katika simu hata pasipo mtandao. Simu huitunza fomu, na mtandao ukirudi huituma. Jambo hili ni kubwa kwetu, maana mlimani mtandao huja na kwenda kama ukungu.

Basi nilichagua programu za namna hizi, nikapanga hatua zangu. Karani hujaza fomu katika simu. Fomu ikifika, webuhuku hubisha hodi katika programu ya katikati. Programu hiyo huufungua ujumbe, hutoa jina, simu, kilo na tarehe, na kuandika mstari mpya katika lahajedwali. Kila Ijumaa orodha ya malipo hutolewa humo na kupelekwa katika programu ya kulipa kwa simu.

Siku ya kwanza nilikaa mbele ya kompyuta nikatazama mistari ikijiandika yenyewe, kana kwamba kuna mkono usioonekana. Nilicheka peke yangu. Siku ile niliondoka ofisini saa kumi na moja jioni, nikala chakula na watoto wangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mavuno yaanze.

MZEE ALIPOKUJA

Juma la tatu, asubuhi mapema, nilimkuta mzee mmoja ameketi kwenye ngazi za ofisi. Alikuwa ametoka kituo cha tatu, kule juu, naye alikuwa ameshuka kwa miguu kabla ya jua. Nilimwamkia, nikamkaribisha ndani. Alitoa mfukoni risiti tatu zilizokunjwa vizuri, akaziweka mezani.

"Mwanangu," akasema, "kahawa yangu ilipimwa mbele ya macho yangu. Jirani zangu wamelipwa, mimi sijalipwa juma la kwanza, wala la pili, wala la tatu. Mjukuu wangu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Makarani wanasema siku hizi anayeandika ni mashine. Je, mashine yako haikuiona kahawa yangu?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, mashine haikosei, labda ni mtandao tu." Maneno haya yananiaibisha mpaka leo. Nikafungua lahajedwali nimwonyeshe. Jina lake lilikuwepo. Kilo zake zilikuwa sawa kabisa na risiti. Tarehe zilikuwa sawa. Lakini nilipotazama namba yake ya simu niliona imepungua tarakimu moja. Sifuri ya mbele haikuwepo.

Mwajua kwamba namba za simu hapa kwetu huanza na sifuri, au mtu akipenda huandika 256 mbele badala ya sifuri. Makarani wengi waliandika 256. Karani wa kituo cha tatu aliandika sifuri, wala hakukosea. Lahajedwali ilipoziona tarakimu tupu ilifikiri ni namba ya kuhesabiwa, na katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani: 07 ni 7. Basi ikaitupa. Programu ya malipo ikaona namba isiyo kamili, ikawaweka kando wenye namba hizo, ikaandika majina yao katika ukurasa ambao mimi sikuwa nimeufungua hata siku moja. Nilipoufungua nilikuta watu 11.

Hakuna taa nyekundu iliyowaka. Hakuna kengele iliyolia. Zamani, nilipokuwa nikinakili kwa mkono, ningaliiona namba ile fupi nikashangaa. Mashine haishangai. Huchukua inachopewa, hupeleka ilikoambiwa, basi.

Mzee na wenzake walilipwa siku ile ile, baada ya mimi kwenda kwa mkubwa wangu na kumweleza kosa langu. Yeye hakunikaripia sana. Alisema, "Sasa tafuta mengine, maana kosa halitembei peke yake."

MAKOSA MENGINE MAWILI

Nilitafuta, nikayaona mawili.

La kwanza lilikuwa katika kituo cha pili. Kitabu cha karani kilikuwa na risiti 52 siku moja, lakini lahajedwali ilikuwa na mistari 53. Risiti moja iliandikwa mara mbili. Kumbukeni sehemu ya nne ya webuhuku, yaani jibu. Ujumbe ulifika, mstari ukaandikwa, lakini mtandao ulikatika kabla jibu halijarudi. Mtumaji hakusikia "Nimepokea," akatuma tena, kama alivyofundishwa. Wala hilo si kosa la mtumaji. Watumaji wengi wameundwa hivyo kwa makusudi, wakiona ni afadhali ujumbe ufike mara mbili kuliko usifike kabisa. Stripe, kampuni ya malipo ya Marekani, hurudia kutuma hata kwa siku 3 ikiwa haijapata jibu. Ni kazi ya anayepokea kutambua kwamba barua hii amekwisha kuisoma. Kwa ajili ya kosa lile mama mmoja alilipwa mara mbili. Kabla hatujamwita alikuja mwenyewe na fedha mkononi, akasema, "Hizi si zangu." Mungu ambariki.

La pili lilitoka ng'ambo ya mpaka. Ofisi yetu ina tawi Butembo, katika Kongo, ambalo hututumia faili la hesabu kila juma. Kongo husoma kwa Kifaransa, na kompyuta zao zimepangwa kwa Kifaransa. Katika Kifaransa sehemu za chini ya moja hutengwa kwa mkato, si kwa nukta. Mizani yao ikionyesha kilo 62 na gramu 500, huandikwa 62,500. Kompyuta yangu, iliyopangwa kwa Kiingereza, ilisoma elfu sitini na mbili na mia tano! Kwa hesabu hiyo mtu mmoja alileta mzigo wa malori mawili kichwani. Kosa hili lachekesha kwa sababu ni kubwa, tena laonekana upesi. Laiti makosa yote yangekuwa makubwa namna hii!

MFANO WA UINGEREZA

Msifikiri haya huwapata makarani wa mlimani tu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa COVID-19, idara ya afya ya umma ya Uingereza, iliyoitwa Public Health England, ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo kutoka maabara katika mafaili ya CSV, nayo yaliingizwa yenyewe katika lahajedwali za Excel. Lakini lahajedwali zile zilikuwa za mtindo wa zamani, wenye mistari 65,536 tu, na jibu la mgonjwa mmoja lilichukua mistari kadhaa. Lahajedwali ilipojaa, yaliyozidi yaliachwa nje. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu ya taifa. Wenyewe walikuwa wameambiwa majibu yao, lakini watu waliokuwa wamekaa nao karibu hawakutafutwa kwa wakati, nao waliendelea kutembea na kukutana na wengine.

Tazameni jinsi kisa hiki kinavyofanana na cha mzee wetu. Habari ilitumwa, daftari lilikuwepo, mashine ilifanya kazi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, "Vilitumwa vingapi, na vimefika vingapi?"

KANUNI SITA

Sasa nawapa kanuni tunazozifuata ofisini tangu siku ile. Ziandikeni katika madaftari yenu.

1. Namba isiyojumlishwa ni neno. Namba ya simu, ya risiti, ya mtihani, ya kitambulisho, hakuna azijumlishaye. Basi ziwekwe kama maneno tangu katika fomu. Na programu inayoandika katika Google Sheets iambiwe kuandika kitu kama kilivyo, si kana kwamba mtu amekipiga kwa vidole, kwa sababu katika njia hii ya pili lahajedwali hujaribu kukisia maana, na hapo ndipo hukosea. Hata wataalamu wa elimu ya viumbe waliteswa na jambo hili: jina la jeni SEPT1 liligeuzwa na Excel kuwa tarehe 1 Septemba, mpaka jeni ile ikabadilishwa jina ikaitwa SEPTIN1. Kanuni mpya za majina hayo zilitangazwa mwaka 2020.

2. Kila risiti iwe na namba yake, na isiandikwe mara mbili. Risiti zetu zina namba kama K3-0418, yaani kituo cha 3, risiti ya 418. Kabla ya kuandika mstari mpya, programu hutafuta kwanza kama namba ile imekwisha kuandikwa. Ikiikuta, hurudisha jibu la "Nimepokea" na haiandiki kitu.

3. Tarehe na vipimo viandikwe kwa mtindo mmoja. 03/04/2024 kwetu ni tarehe 3 Aprili. Kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Andika 2024-04-03, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, wala hakuna atakayekosea. Kadhalika faili la Butembo sasa husomwa kwa kanuni za Kifaransa kabla ya kuingizwa katika daftari letu.

4. Ujumbe wa asili usiguswe. Tunao ukurasa mmoja ambao hupokea kila ujumbe kama ulivyokuja, haurekebishwi na mtu yeyote. Hesabu hufanywa katika ukurasa mwingine. Likitokea shaka, tunarudi kwenye asili, kama hakimu anavyorudi kwa shahidi wa kwanza.

5. Mlango uwe na ufunguo. Anwani ya webuhuku ikijulikana, mtu mbaya aweza kuitumia kuleta risiti za uongo. Kwa hiyo mtumaji hupewa neno la siri, na ujumbe usiokuwa nalo hukataliwa. Tena majina na simu za watu si mali yetu ya kuchezea. Uganda ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019.

6. Hesabu pande zote mbili zilinganishwe kila siku. Kila jioni karani wa kituo hutuma fomu moja ya mwisho: risiti ngapi ameandika, kilo ngapi kwa jumla, na namba ya risiti ya mwisho. Programu hulinganisha na yaliyofika, kisha hunitumia ujumbe: "Kituo cha 3: risiti 47, zimefika 47." Zikiwa 46, hakuna anayelipwa mpaka ile moja ipatikane. Nao ukurasa wa waliowekwa kando hufunguliwa kila siku, hata ukiwa mtupu.

Kanuni hizi hunichukua nusu saa kwa siku. Zamani nilitumia saa tano. Kwa hiyo mashine imenisaidia kweli, wala sisemi tuiache. Nasema kwamba kazi ya kunakili tuiachie, na kazi ya kuhakiki ibaki mikononi mwetu.

ZOEZI

Mwaweza kujifunza haya hata kama shule haina kompyuta za kutosha. Wakae wanafunzi watatu: karani, tarishi na mpokeaji. Karani aandike risiti 10 katika vipande vya karatasi, kila moja na namba yake. Tarishi azipeleke moja moja, lakini kwa siri apoteze moja na nyingine aipeleke mara mbili. Mpokeaji aandike kila anachopewa.

Kisha jibuni maswali haya:

(a) Mpokeaji ana mistari mingapi? Je, kuhesabu mistari tu kunatosha kulijua kosa?

(b) Ni kitu gani katika risiti kinachomwonyesha ipi imepotea na ipi imerudiwa?

(c) Kama risiti zisingekuwa na namba, na wakulima wawili wana jina moja na kilo sawa, mpokeaji angefanyaje?

(d) Andikeni namba tano mnazozitumia shuleni ambazo ni maneno, si namba za hesabu.

Atakayejibu swali la (a) vizuri ataona kwamba mistari ni 10, sawasawa na risiti zilizotumwa, na hata hivyo mkulima mmoja amedhulumiwa na mwingine amepata mara mbili. Hesabu yaweza kutimia na haki isitimie. Ndiyo sababu twatazama namba za risiti pamoja na jumla.

Mzee yule bado huleta kahawa yake. Kila akishuka mjini hupita ofisini, husimama mlangoni na kuuliza, "Mwanangu, leo mashine imeniona?" Nami simjibu tena kwamba mashine haikosei. Namvutia kiti, nafungua lahajedwali, natafuta namba za risiti zake mbele ya macho yake, moja baada ya nyingine, kisha ndipo namjibu, "Ndiyo, mzee wangu. Imekuona, na mimi nimekuona."

Wasalaam,
Mimi mwanafunzi wenu wa zamani.